Mshono wa Mzazi: Maumivu Yapungue Kila Siku

Haya ni mazungumzo ya muuguzi mkunga wa kaunti na akina mama, waume zao na wazee waliofika kliniki ya wazazi katika eneo la Kinango, Kaunti ya Kwale. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Hamjambo akina mama. Shikamooni wazee wetu, mabibi na mashangazi mliowasindikiza wazazi asubuhi hii. Na nyinyi akina baba mliosimama pale karibu na pikipiki, sogeeni kivulini. Leo tunazungumza jambo ambalo mkeo huenda hajakwambia, na mama yako huenda ameanza kulitibu kwa maji ya moto bila kukuuliza.

Nazungumzia msamba. Wengi wenu husema "kule chini" na mnaishia hapo. Msamba ni ile sehemu iliyo kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Ni padogo, upana wa vidole viwili au vitatu, lakini kichwa cha mtoto kinapotoka hapo ndipo panapovutika sana. Nitalitaja jina hili mara nyingi leo mpaka mlizoee. Mama asiye na neno la kusema mahali panapomuuma hunyamaza, na nimeona kunyamaza huko kukileta madhara makubwa kuliko kidonda chenyewe.

Kwanza mjue hamko peke yenu. Chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza kinaeleza kwamba hadi akina mama 9 kati ya 10 wanaojifungua kwa njia ya kawaida kwa mara ya kwanza hupata mchubuko, kuchanika au kuongezwa njia. Kwa hivyo ukichanika si kwamba hukusukuma vizuri, wala si adhabu, wala si kwa sababu ulikula sana mtoto akawa mkubwa.

Kuchanika kuna viwango. Kuna mchaniko wa ngozi peke yake, ambao mara nyingine hata haushonwi. Kuna unaofika kwenye misuli, na huo ndio wengi wenu mlioshonwa mnao. Kisha kuna ule unaofika kwenye msuli unaobana njia ya haja kubwa, na ule unaoupita msuli huo kabisa. Hiyo miwili ya mwisho haitokei mara nyingi, lakini ni mizito: hushonwa na mtu aliyefundishwa, mahali penye mwanga na dawa ya kutosha ya ganzi, mara nyingi chumba cha upasuaji. Kabla hujaondoka hospitalini uliza, "Nimechanika kiasi gani? Nimeshonwa?" Ni haki yako kujua, na inafaa iandikwe kwenye kijitabu chako cha mama na mtoto ili yeyote atakayekuona baadaye ajue pa kuanzia.

Na kuongezwa njia, yaani kukatwa kwa makasi mtoto akikaribia kutoka? Zamani tulifundishwa kumkata karibu kila mama wa mimba ya kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, limesema wazi kwamba mama anayejifungua kwa kawaida asikatwe kwa mazoea tu. Akatwe pale panapokuwa na sababu, kwa mfano mtoto akichoka na inabidi atoke haraka, na aelezwe kwanza na akubali. Mwongozo huo huo unapendekeza kitambaa cha maji ya uvuguvugu kiwekwe msambani wakati wa kusukuma, na mama achague mkao unaomfaa. Wenye mimba mlioko hapa, yaulizieni hayo mkifika kujifungua.

Sasa maumivu. Siku tatu za kwanza ndizo kali. Msamba umevimba, nyuzi zinavuta, mkojo unawasha kama pilipili. Kuanzia siku ya nne au ya tano unafaa kuanza kuona nafuu. Kufikia wiki ya pili mama wengi wanakaa bila kujipinda. Nyuzi tunazotumia siku hizi huyeyuka zenyewe, kwa hivyo usishtuke ukiona kipande cha uzi kwenye pedi karibu na wiki ya pili, wala usikivute. Muwasho kidogo wakati kidonda kinafunga ni kawaida. Kipimo ninachotaka mkibebe nyumbani ni kimoja: leo iwe afadhali kuliko jana. Siku ya sita ikiuma kuliko siku ya tatu, huo si uchungu wa kawaida wa uzazi tena. Rudi.

Sasa nije kwa mabibi zangu, na naomba mnivumilie, maana najua naingia jikoni mwenu.

Kumkanda mzazi ni desturi yetu ya Pwani, na mimi mwenyewe nililelewa ndani yake. Siku arobaini mzazi halali peke yake, hapiki, halimi, analetewa uji wa pilipili manga na supu, tumbo linafungwa leso, kuna mtu wa kumshikia mtoto usiku. Hizo siku arobaini ni dawa. Nimefanya kazi na akina mama waliohamia mjini ambao hawana mtu, siku ya tatu wanafua wenyewe, na vidonda vyao hukawia kupona. Kwa hivyo arobaini tusiiache. Ninachoomba ni kitu kimoja tu: yale maji yanayochemka yasifike msambani.

Nieleze sababu, kwa kuwa sitaki mnitii kwa ajili ya sare tu. Siku ya kwanza na ya pili pale pamevimba kwa sababu mishipa midogo ya damu imepasuka na maji yamejaa kwenye nyama. Joto hupanua mishipa. Ukiweka moto juu ya uvimbe mbichi, damu huzidi kuja na uvimbe huongezeka. Tena ngozi ya hapo haina hisia kamili: kwa saa chache ganzi ya kushonea bado ipo, na hata ikiisha, ngozi iliyovimba haitambui upesi kwamba inaungua. Mzazi anauma meno, bibi anamwambia vumilia ndiyo dawa inaingia, kumbe ngozi inababuka. Nimeona malengelenge juu ya mshono. Kidonda kimoja kimekuwa viwili, na nyuzi zimeachia.

Vivyo hivyo kumkalisha juu ya sufuria ya mvuke. Mvuke unaunguza kuliko maji. Na kuweka kitu ndani au juu ya kidonda, iwe majani yaliyotwangwa, jivu, mafuta, chumvi kavu au dawa ya kuulia vijidudu isiyochanganywa na maji, kunaleta uchafu au kunachoma. Kuna bibi aliyewahi kuniuliza, "Na chumvi kwenye maji?" Nikamwambia chumvi kidogo kwenye maji mengi ya uvuguvugu sijaona ikimdhuru mzazi, lakini maji safi peke yake yanafanya kazi hiyo hiyo. Ila ile kuijaza chumvi mpaka mtoto wa watu analia, hapana.

Basi tufanye nini? Siku mbili za kwanza, baridi. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022, lilitoa mwongozo kuhusu mama baada ya kujifungua, na limesema wazi kwamba kupoza msamba kwa barafu au kitambaa baridi kunaweza kutumika kupunguza maumivu. Najua mnaniangalia mkijiuliza friji iko wapi. Dukani kwa jirani anayeuzia watoto barafu, nunua moja. Ivunje, ifunge kwenye kitambaa safi cha pamba, weka juu ya msamba kwa dakika 10, zisizidi 20, kisha toa upumzike. Barafu tupu isiguse ngozi, nayo huunguza. Rudia kila baada ya saa kadhaa. Barafu ikikosekana kabisa, mtungi wa udongo upo. Chemsha maji, yaache yapoe, yatie kwenye mtungi safi uliofunikwa. Baada ya saa chache yamepoa vizuri. Chovya kitambaa safi, kamua, weka. Bibi, hapo bado wewe ndiye unayekanda, ila unakanda kwa baridi.

Kuanzia siku ya tatu hivi, uvimbe ukishaanza kupungua, maji ya uvuguvugu yanaruhusiwa na wengi hupenda. Weka maji kwenye beseni safi, beseni ambalo halifuliwi nepi, mzazi akalie kwa dakika 10 mara mbili au tatu kwa siku. Pimeni joto kwa kiwiko cha mkono, vile mnavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Maji ambayo huwezi kumtia mtoto, usimtie mama yake. Akimaliza ajikaushe kwa kubonyeza kitambaa taratibu, bila kusugua.

Dawa za maumivu sasa, kwa maana kuna wanaoamini kwamba mama anayenyonyesha hapaswi kumeza chochote. Parasitamoli ndiyo ya kwanza, na ni salama kwa anayenyonyesha. Kwa mama mzima, vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6 hadi 8, na visizidi vidonge 8 kwa saa 24. Usingoje mpaka umelemewa. Siku zile tatu za mwanzo meza kwa saa, maumivu yakose nafasi ya kujijenga. Ikiwa haitoshi, muulize muuguzi kuhusu ibuprofeni. Nayo inaruhusiwa wakati wa kunyonyesha, lakini si ya mama mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo au ambaye presha ilimsumbua, mpaka aone daktari. Tahadharini na vidonge vya dukani vya kuchanganywa. Vingine vina aspirini, haifai kwa maumivu ya mama anayenyonyesha. Na dawa zenye kodeini ziepukeni, zinaweza kupita kwenye maziwa zikamlevya mtoto mpaka akashindwa kupumua vizuri. Mwambie mwenye duka la dawa kwanza kabisa, "Nanyonyesha."

Usafi. Nawa mikono kabla ya kwenda chooni na baada yake, si baada tu. Badilisha pedi kila baada ya saa tatu au nne hata kama haijajaa, kwa sababu damu ya nifasi ikikaa kwenye joto letu hili huoza. Anayetumia vitambaa vya pamba avifue kwa sabuni, avianike juani hadharani. Si chini ya kitanda, si nyuma ya mlango! Jua huua vijidudu, giza huvilea. Aibu ya kuanika kitambaa imewaletea wanawake wengi maradhi. Na kujisafisha ni kutoka mbele kwenda nyuma, kila mara.

Najua mwezi kama huu maji Kinango ni shida, na mtungi wa lita 20 una bei yake. Kwa hiyo nasema hivi kwa watu wa nyumba: katika maji yanayoingia nyumbani, ya mzazi yatengwe kwanza. Kikombe kikubwa kimoja cha maji safi yaliyochemshwa na kupoa kinatosha kila anapotoka chooni.

Mkojo ukiwasha, mimina maji ya uvuguvugu mbele wakati huo huo unapokojoa, yanauzimua. Inama mbele kidogo ili usipite kwenye mshono. Na kunywa maji zaidi. Kuna wanaojinyima maji ili wasikojoe. Mkojo mchache ni mkali, utawasha mara mbili.

Haja kubwa ndiyo hofu yenyewe. Karibu kila mzazi aliyeshonwa huniambia sauti ya chini, "Muuguzi, naogopa nyuzi zitakatika." Basi anajizuia siku ya pili, ya tatu, ya tano, choo kinakuwa kigumu kama jiwe, na hapo ndipo kinapomuumiza kweli. Nyuzi hazikatiki kwa choo laini. Zinachokozwa na choo kigumu na kujikamua. Kwa hiyo ale uji wa wimbi, mchicha, kunde na majani yake, maharagwe, mapapai, maembe wakati wake. Kama nyumbani kwenu mzazi hunyimwa matunda na mboga akalishwa wali mweupe na supu tu, msimpokonye supu, mwongezeeni mboga. Mara ya kwanza kwenda, akunje pedi safi au kitambaa safi na kukishikilia mbele juu ya mshono, akibonyeza taratibu, wakati anajisaidia. Kile kitambaa kinamtuliza, anaona hakuna kinachofunguka. Kwa wale wa choo cha shimo, kuchuchumaa si vibaya, ila awe na kitu cha kushika asije akayumba. Siku tatu au nne zikipita bila choo, aje tumpe dawa ya kulainisha. Wale wenye mchaniko mkubwa hupewa dawa hiyo tangu hospitalini na waimalize.

Kukaa. Kabla ya kukaa, bana makalio, kaa, kisha legeza. Wengine huona nafuu kwa kukunja leso mbili na kuweka moja chini ya kila kalio ili msamba uwe hewani. Kwa kunyonyesha, lala ubavu, mtoto ubavuni mwako. Utapumzisha msamba na mgongo kwa pamoja. Mara kadhaa kwa siku lala kidogo bila pedi, juu ya kitambaa safi, upepo upite. Mlango una komeo, tumieni.

Kuna zoezi moja nataka mlifanye hapa hapa, na hakuna atakayejua nani anafanya na nani hafanyi, hata akina baba. Bana kana kwamba unazuia upepo usitoke, na wakati huo huo kana kwamba unazuia mkojo. Vuta kwa ndani na juu. Shikilia, hesabu mpaka tano, usizuie pumzi. Legeza. Mara kumi, mara tatu kwa siku. Waweza kuanza siku chache tu baada ya kujifungua, pindi unapoweza bila maumivu. Damu huzunguka vizuri pale, uvimbe hupungua, na misuli inayozuia mkojo na choo hurudi kazini. Wanaovujwa na mkojo wakicheka au wakipiga chafya, hili ni lenu hasa. Msikubali kuambiwa ndivyo uzazi ulivyo.

Mizigo, hapana kwa wiki sita. Kitu kizito kuliko mtoto wako usikibebe. Mtungi wa lita 20 una kilo 20; ukiuinua, uzito wote unasukuma chini kwenye mshono. Baba, hapo ndipo kazi yako ilipo. Sikuambii uwe muuguzi. Nakuambia chota maji.

Na hili nalo ni lako, baba, kwa hivyo usitazame simu. Tendo la ndoa lisubiri mpaka nifasi imekoma, kidonda kimefunga, na mke mwenyewe amesema yuko tayari. Kwa wengi ni baada ya kuonwa kliniki wiki ya sita, kwa wengine ni zaidi, na huo zaidi si kiburi. Mkianza na pakauma, acheni, jaribuni baada ya muda, polepole. Pakiendelea kuuma miezi mitatu, njooni, kovu linaweza kutibiwa. Na mjue mimba nyingine inaweza kushika kabla damu ya mwezi haijarudi, kwa hivyo mpango wa uzazi uzungumzwe mapema.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hapa pana maisha ya mtu.

Nilimpokea mama mmoja siku ya tisa. Aliletwa kwa sababu mtoto hakuwa akinyonya vizuri. Yeye mwenyewe hakuwa amesema kitu. Alikuwa anatetemeka, mwili unachoma, na alikaa ukingoni mwa kiti kwa kalio moja. Kumbe tangu siku ya nne alikuwa anasikia harufu. Alijionea aibu, akawa anafukiza udi chumbani asubuhi na jioni ili wageni wa mtoto wasigundue. Watu wakasema chumba cha mzazi kinanukia. Mshono ulikuwa umejaa usaha. Tulimlaza, tukafungua nyuzi, tukasafisha, akapewa dawa za kuua vijidudu kwenye mshipa, na kwa kuwa alifika angali na nguvu, alipona. Maziwa yalirudi, mtoto akanyonya. Angekawia siku mbili zaidi, sijui ningekuwa nawasimulia nini. Vijidudu vikitoka kwenye kidonda vikaingia kwenye damu, mama anaweza kufa kwa siku chache, na hilo halijali kama alijifungulia hospitali kubwa au nyumbani.

Basi ukiona lolote katika haya, usingoje siku ya kliniki, njoo siku hiyo hiyo, hata usiku: maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, harufu mbaya au usaha, homa, kutetemeka, au moyo kwenda mbio, mshono umefunguka, damu inayoloweka pedi nzima kwa saa moja au chini, au mabonge makubwa. Saa chache baada ya kujifungua, uvimbe mgumu upande mmoja unaokua upesi na uchungu ambao dawa haigusi, unaweza kuwa damu imekusanyika ndani. Mwite muuguzi mara moja, usione haya kumwamsha. Na kama upepo au choo kinatoka bila wewe kujua, au mkojo unatiririka tu mchana na usiku, sema. Mkojo usiokoma unaweza kuwa nasuri, yaani tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Inashonwa. Wako wanawake walioishi nayo miaka, wamehamishwa chumba, wameachwa na waume, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ina daktari wake. Mkimjua mmoja kijijini kwenu, mleteni.

Tena nataja ukeketaji kwa kifupi, kwa kuwa kuna akina mama miongoni mwetu waliofanyiwa wakiwa watoto huko walikokulia. Kovu la ukeketaji halivutiki, hivyo huchanika zaidi. Mwambie mkunga mapema, ukiwa bado na mimba, ajipange. Hatuko hapa kukulaumu kwa jambo ulilofanyiwa. Sheria ya mwaka 2011 inawalenga wanaofanya.

Baada ya kujifungua, kaa kituoni angalau saa 24. Kisha tunataka kukuona ndani ya siku tatu za mwanzo, tena kati ya wiki ya kwanza na ya pili, tena wiki ya sita. Wengi huja kwa ajili ya chanjo ya mtoto, mtoto anapimwa uzito, mnageuka kwenda zenu. Simameni. Semeni, "Naomba na mimi niangaliwe mshono." Kama muuguzi ana shughuli nyingi, subiri, lakini usiondoke. Kwa aliye mbali, mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako ana jukumu la kumtembelea mzazi. Mwambie yeye mambo haya haya, naye atakuelekeza.

Nachukua maswali machache, jua linapanda.

Mama wa leso ya kijani anauliza kama anaweza kupanda bodaboda kurudi nyumbani akiwa na nyuzi. Gari likipatikana, panda gari. Lisipopatikana na ni lazima, panda baada ya kumeza dawa kama nusu saa kabla, kalia mto au leso iliyokunjwa, mwambie dereva aende taratibu kwenye mashimo, na mtoto abebwe na mtu mwingine kwenye pikipiki nyingine ama usafiri ulio salama zaidi. Safari ndefu ya Lunga Lunga au Samburu kwa pikipiki siku ya pili, siipendi. Ni heri ukae kituoni usiku mmoja zaidi.

Kijana huyu anauliza kama mkewe aliyejifungua kwa upasuaji naye anahusika. Mara nyingi msamba wake haukuchanika, ingawa aliyesukuma sana kabla ya kupasuliwa anaweza kuwa na uvimbe. Lile zoezi la kubana linamfaa pia, na mizigo ni marufuku vilevile. Kidonda chake cha tumbo tutakizungumzia siku yake.

Bibi, naona mkono wako. Anauliza, mzazi akikandwa tumbo na mgongo kwa maji ya moto, napo ni kosa? Hapana bibi, mgongo na miguu kandeni kwa kitambaa cha moto wa kustahimilika, anapumzika na analala vizuri. Tumbo lisikandamizwe kwa nguvu, na aliyepasuliwa lisiguswe kabisa. Kule chini tumekubaliana.

Kuna mwenye swali ambalo hawezi kuliuliza mbele za watu, nimeliona usoni. Nitakuwa chumba cha mwisho, mlango wa bluu, mpaka saa nane. Mnaingia mmoja mmoja, na pazia tunalifunga.